Utafiti ni dhamana, si ngazi ya cheo

Serikali inapoamua ni chanjo ipi ipelekwe katika zahanati, ni mbegu ipi igawiwe wakulima, au ni njia ipi itumike kuwafundisha watoto kusoma, haiamui kwa kubahatisha. Nyuma ya uamuzi huo wapo maofisa waliosoma taarifa, na nyuma ya taarifa zipo makala za utafiti zilizochapishwa katika majarida ya wataalamu. Mtumishi aliyeandika waraka hakufanya utafiti huo yeye mwenyewe, ameamini. Mwalimu anayefundisha kwa kitabu cha kiada hakupima yeye mwenyewe yaliyoandikwa humo, naye ameamini. Mkulima na mama aliyebeba mtoto mgongoni hawajapata kuliona jarida lenyewe, wala pengine hawajui kuwa lipo. Lakini mkulima ndiye atakayeipanda mbegu hiyo, na mtoto wa mama huyo ndiye atakayedungwa sindano hiyo.

Kwa sababu hiyo, maadili ya utafiti na ya uchapishaji wa majarida si suala la maprofesa peke yao, la kuzungumzwa kwenye semina na kusahauliwa baada ya chai. Ni suala la umma. Uongo ukichapishwa katika jarida, mara nyingi anayeulipia gharama si aliyeuandika wala aliyeuchapa. Anayeulipia ni yule asiyelisoma jarida hilo.

Ni vyema kukumbusha jinsi majarida haya yanavyofanya kazi. Mtafiti humpelekea mhariri makala yake. Mhariri huwapelekea wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo hiyo, ambao kwa kawaida hawalipwi kwa kazi hiyo, nao huisoma na kutoa hukumu: je, njia iliyotumika ni sahihi? Je, hitimisho linatokana na ushahidi, au limepachikwa tu? Utaratibu huu umeisaidia sana dunia, lakini una mpaka wake. Mhakiki husoma yale aliyoandikiwa. Hakwenda hospitalini kuwahesabu wagonjwa, wala shambani kuyapima mavuno. Jengo zima la elimu limesimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba mtafiti amesema kweli.

Nguzo hiyo inapoliwa na mchwa, maafa yake huwa makubwa. Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Tarehe 28 Februari, 1998, jarida maarufu la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake 12 wa London. Makala hiyo ilihusu watoto 12 tu. Ilidokeza kwamba huenda kuna uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na maradhi ya matumbo pamoja na usonji. Makala yenyewe ilikiri kuwa uhusiano huo haujathibitishwa. Lakini mbele ya waandishi wa habari Wakefield alitia shaka juu ya chanjo hiyo ya pamoja, na magazeti yakaipeperusha shaka hiyo kama moto wa nyika. Wazazi wakaingiwa na hofu. Katika Uingereza, kiwango cha watoto waliopata chanjo hiyo kilishuka kutoka kiasi cha asilimia 92 katikati ya miaka ya 1990 hadi kufikia asilimia 80 miaka ya 2003 na 2004.

Ukweli ulianza kujitokeza mwaka 2004, tena haukufichuliwa na chuo kikuu wala na jarida, bali na mwandishi wa habari, Brian Deer. Ilibainika kwamba kabla ya makala kuchapishwa, Wakefield alikuwa amekwisha kuajiriwa na mawakili waliokuwa wakitafuta ushahidi wa kuwashtaki watengenezaji wa chanjo. Jumla ya malipo yake kutokana na kazi hiyo ilizidi pauni 400,000. Wasomaji wa jarida hawakuambiwa lolote kuhusu mkono huo wa fedha. Ilibainika pia kwamba watoto walifanyiwa vipimo vizito, vikiwamo vya kuchomwa sindano ya uti wa mgongo, bila idhini iliyotakiwa ya kamati ya maadili. Na kwamba Wakefield aliwahi kuwatoa damu watoto waliohudhuria sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe, akawalipa pauni 5 kila mmoja. Baadaye, mwaka 2011, jarida la madaktari la BMJ lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba katika watoto wote 12 hakuna hata mmoja ambaye habari zake ziliandikwa katika makala kama zilivyokuwa katika kumbukumbu za matibabu.

Waandishi kumi kati ya wale 13 waliyakana maelezo ya makala mwaka 2004. The Lancet liliifuta kabisa tarehe 2 Februari, 2010, na mwezi Mei mwaka huo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika jarida lenye heshima, njia ya mwongo huyu ilikuwa na urefu wa miaka 12.

Je, ni nani aliyelipa? Mwaka 2008 wakuu wa afya walitangaza kwamba surua, iliyokuwa imedhibitiwa kwa miaka 14, imeota mizizi tena katika England na Wales. Kati ya mwisho wa mwaka 2012 na katikati ya mwaka 2013, mlipuko wa surua katika eneo la Swansea huko Wales uliandikisha wagonjwa zaidi ya 1,200, wengi wao wakiwa vijana waliokosa chanjo utotoni katika miaka ile ya hofu. Mtu mmoja alifariki. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watoto wadogo au hawajazaliwa makala ilipochapishwa. Ili kuisafisha shaka iliyopandwa na hadithi za watoto 12, watafiti wa Denmark walilazimika kuwafuatilia watoto zaidi ya laki sita na nusu, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalithibitisha tena kwamba chanjo hiyo haileti usonji. Fedha, muda na akili za wataalamu vilitumika kuziba shimo lililochimbwa na mtu mmoja. Hata hivyo hofu ile bado haijafa. Inasafiri kutoka nchi hadi nchi bila hati ya kusafiria.

Katika kisa hiki walinzi watatu walilala. Wa kwanza ni mwandishi, aliyeuza ukweli. Wa pili ni wale waliokubali majina yao yaandikwe juu ya kazi ambayo hawakuikagua. Jina juu ya makala ya utafiti si pambo. Ni dhamana, sawa na saini ya mtumishi juu ya hati ya malipo. Wa tatu ni jarida lenyewe, ambalo lilichukua muda mrefu mno kukiri kosa. Mhariri anayeogopa aibu ya kufuta makala mbovu hulinda heshima ya jarida lake kwa gharama ya afya za watu.

Tena si ukweli wa matokeo tu unaopaswa kulindwa, bali pia haki ya mtu anayechunguzwa. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwachunguza wanaume weusi wapatao 600 katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, wengi wao wakulima maskini, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuelezwa ukweli wa ugonjwa wao. Hata penisilini ilipothibitika kuwa dawa ya kaswende katika miaka ya 1940, wao hawakupewa, ili watafiti waendelee kutazama jinsi ugonjwa unavyomla mtu hadi kaburini. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba utafiti huo haukuwa siri. Makala zake zilichapishwa katika majarida ya madaktari kuanzia mwaka 1936 na kuendelea kwa miongo kadhaa. Wahariri wakazisoma, wakazichapa, na madaktari wakazisoma katika maktaba zao. Lililokomesha unyama huo ni habari ya gazeti ya mwezi Julai, 1972. Hapo pia waliolipa ni wale wasioyasoma majarida.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani, na kwamba Afrika ina matatizo yake ya kutosha. Kauli hiyo haina msingi. Mwezi Mei, 2020, wakati dunia imekumbwa na ugonjwa wa UVIKO-19, The Lancet hilo hilo lilichapisha makala iliyodai kuchunguza habari za wagonjwa 96,032 katika hospitali 671 za mabara sita. Makala ilisema kuwa dawa ya haidroksiklorokwini inaongeza vifo. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Ndipo wanasayansi zaidi ya mia moja walipoandika barua ya wazi kuhoji takwimu hizo. Mojawapo ya hoja zao ilihusu Afrika: kama takwimu za makala zingekuwa za kweli, basi karibu robo ya wagonjwa wote wa UVIKO-19 walioripotiwa barani, na asilimia 40 ya vifo vyote, vingekuwa vimetokea katika hospitali chache zilizounganishwa na kampuni moja ya Marekani iitwayo Surgisphere, tena zenye mitambo ya hali ya juu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ya hospitali ya wilaya angeweza kuihoji hesabu hiyo. Kampuni ilipotakiwa kuwaonyesha wakaguzi takwimu zenyewe, ilikataa. Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa.

Afrika ilitajwa katika makala hiyo bila kuulizwa. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba bara hili haliko nje ya mchezo huu. Ubaya ni kwamba sasa limeingia pia kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa biashara.

Katika miaka ya hivi karibuni umezuka ulanguzi wa aina mpya, ulanguzi wa makala. Lazima hapa itofautishwe. Yapo majarida ya halali ambayo humtoza mwandishi ada ili makala isomwe bure na watu wote, na jambo hilo lina manufaa kwa nchi maskini ambazo maktaba zake haziwezi kununua majarida ya bei ghali. Mlanguzi naye hupokea ada ile ile, lakini hafanyi kazi inayolipiwa. Huahidi uhakiki wa wataalamu, kumbe hakuna aliyesoma. Hutaja majina ya wahariri ambao wenyewe hawana habari. Makala inapelekwa Jumatatu, Ijumaa imekubaliwa, na ankara imeambatishwa.

Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, aliupima ulanguzi huo. Aliandika makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, akaipachika makosa ya kisayansi ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona, akaweka majina ya waandishi wasiokuwapo na taasisi zisizokuwapo alizodai ziko katika miji mikuu ya Afrika. Akaipeleka kwa majarida 304 yanayotoza ada. Majarida 157 yaliikubali. 98 tu ndiyo yaliyoikataa. Miongoni mwa yaliyokubali yalikuwamo ya wachapishaji wakubwa wanaojulikana, wala si ya vichochoroni peke yake. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS ya India, yenye mamia ya majarida, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti. Na mwaka 2023 majarida ya kampuni ya Hindawi, iliyonunuliwa na mchapishaji mkubwa wa Marekani, Wiley, yalifuta makala zaidi ya 8,000 kwa mwaka mmoja, baada ya kugundulika kwamba viwanda vya kutengeneza makala za bandia vilikuwa vimeupenya uhakiki wake.

Mlanguzi hawezi kuuza pasipo mnunuzi. Swali ambalo watu wengi hawapendi kuliuliza ni hili: nani ananunua, na kwa nini? Jibu lake ni wazi. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, kama ilivyo kwingineko duniani, mhadhiri hapandi cheo bila makala zilizochapishwa. Jambo lenyewe si baya. Ni haki kumtaka mwalimu wa chuo kikuu aongeze elimu na si kuirudiarudia. Ubaya huanza pale kamati inapozihesabu makala bila kuzisoma. Cheo kikipimwa kwa idadi, idadi itapatikana. Utafiti mmoja utakatwakatwa vipande vinne. Mkuu wa idara ataandikwa katika makala ambayo hakuifungua. Kijana aliyetembea vijijini na dodoso, jua likimchoma, ataachwa nje ya orodha ya waandishi. Maandishi ya mwingine yatanakiliwa na kubadilishwa maneno mawili matatu. Na yule mwenye haraka zaidi ataiweka ada kwenye bahasha ya mlanguzi. Tena mara nyingi ada hiyo hutoka katika fungu la utafiti, yaani katika kodi ya mwananchi.

Mhadhiri mwadilifu ndiye anayeumia kwanza katika utaratibu kama huo. Yeye hutumia miaka mitatu kukusanya ushahidi, makala yake hurudishwa mara mbili na wahakiki, naye huisahihisha kwa uvumilivu. Anapomaliza, hukuta mwenzake amekwisha mtangulia kwa cheo kwa makala sita ambazo hakuna aliyezisoma. Kisha mwenzake huyo ndiye anayekaa kwenye kamati ya kuwapandisha vyeo wengine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili ufa umekwisha kuonekana.

Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi katika nchi maskini na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wenzake wamempa akiba yote ya chakula iliyobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea msaada. Mtu huyo akila chakula kile na asirudi na kitu, amewasaliti. Mtafiti anayerudi na makala ya kununua ni mbaya zaidi ya huyo, kwa kuwa yeye amerudi na gunia lililojaa mchanga na kuwaambia wanakijiji kuwa ni unga.

Nini kifanyike? Kwanza, vyuo vikuu havina budi kubadili kipimo. Mwombaji wa cheo atakiwe kuleta kazi zake chache anazozithamini zaidi, na wanakamati wazisome kweli, waulize zimeongeza nini katika elimu na zimemsaidia nani. Azimio la San Francisco, lililoasisiwa mwaka 2012 na kutiwa saini na taasisi nyingi duniani, lilisisitiza jambo hilo hilo: kazi ipimwe kwa yaliyomo ndani yake, si kwa jina la jarida ilimochapishwa. Kanuni hii haihitaji fedha za kigeni. Inahitaji muda wa kusoma.

Pili, vyombo vya kusimamia utafiti viheshimiwe na vipewe meno. Tanzania ilianzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kwa sheria ya mwaka 1979, na Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa sheria ya mwaka 1986. Vibali vya utafiti na idhini ya kamati za maadili si urasimu wa kumchelewesha mtafiti, kama wengine wanavyolalamika. Ndiyo kinga ya mwananchi asiyejua kusoma fomu ya ridhaa kwa lugha ya kigeni. Lakini kibali kisiishie kwenye jalada. Chombo kilichotoa kibali kina haki ya kuuliza baadaye: ahadi zilitekelezwa? Majina ya watafiti wenyeji yameandikwa? Matokeo yamerudishwa kwa lugha wanayoielewa waliotoa damu na majibu yao?

Tatu, anayefichua udanganyifu alindwe. Katika visa vilivyotajwa hapa, ukweli ulipitia kwa waandishi wa habari na barua za wazi kwa sababu ndani ya taasisi milango ilikuwa imefungwa. Msaidizi wa maabara au mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayemwona mkubwa wake akipika takwimu asilazimike kuchagua kati ya ukweli na mkate wake. Na kosa likithibitika, adhabu itolewe bila kutazama cheo. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nne, watumishi wa serikali wajifunze kuuliza kabla ya kuamini. Ofisa anayeletewa taarifa inayosema "utafiti umeonyesha" aulize: utafiti wa nani? Umechapishwa wapi? Nani aliugharimia? Je, umepata kufutwa? Maswali hayo manne hayahitaji shahada ya uzamivu, na yanaweza kuokoa mamilioni ya shilingi na maisha ya watu.

Mwisho ni zamu ya walimu. Mtafiti anayenakili kazi ya mwenzake hakuanzia chuo kikuu. Alianza shuleni, aliponakili majibu ya jirani yake na kupewa alama. Akaendelea chuoni, alipomlipa mtu amwandikie tasnifu. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kuandika "nilipima nikapata hivi", hata kama jibu alilopata haliendani na kitabu, anamlea mtafiti mwaminifu. Mwalimu anayekubali jibu la kitabu lililoandikwa na mwanafunzi ambaye hakupima chochote, anafundisha kinyume chake bila kujua.

Kati ya mwaka 2009 na 2014, chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio makubwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika. Bagamoyo na Korogwe yalikuwa miongoni mwa maeneo ya majaribio hayo. Wazazi wa huko waliwaleta watoto wao, wakasikiliza maelezo, wakatia saini au dole gumba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika. Wazazi wale hawakuwa na njia ya kuhakiki takwimu. Waliwapa watafiti kitu kimoja tu walichokuwa nacho, yaani imani yao.

Imani hiyo ni mali ya taifa kama yalivyo madini na misitu, na hailetwi kwa meli ikiisha. Kila makala ya uongo inayochapishwa huichota kidogo. Siku itakapokwisha, hata mtafiti wa kweli mwenye dawa ya kweli atabisha hodi katika kijiji, na mlango hautafunguliwa.